Sumaku za Injinia Agape

Siku Agape Msuya alipofika Same, gari lake nalo lilifika, ila kwa kusukumwa. Lilizimika karibu na stendi, naye akalisukuma mwenyewe mpaka kwenye sheli ya barabara kuu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye nguzo ya mlango, akiitikia salamu za wapita njia kama mtu aliyeamua tu kutembea na gari lake asubuhi hiyo. Lilikuwa Corolla la zamani, la rangi ambayo kwenye kadi ya gari iliandikwa kuwa ni fedha.

Moshi walisema Agape ni mtu wa Korogwe. Korogwe walisema ni mtu wa Moshi. Kote alikopita aliacha sifa ya upole na namba ya simu isiyopatikana. Alikwisha kuuza mbegu za vitunguu visivyotoa machozi. Alikwisha kuuza nafasi za kazi katika mgodi ambao haujachimbwa. Kwa haki tuseme kwamba hakuwahi kumtukana mteja wala kumwibia mtu asiyetaka kitu cha bure.

Mhudumu wa sheli alimwekea lita mbili, taratibu, kama anayempa mgonjwa uji. Wakati huo ikaingia Noah nyeupe iliyojaa vumbi jekundu la mlimani. Dereva wake, kijana mnene aitwaye Samweli, alishuka akijinyoosha.

"Leo mengi?" mhudumu alimuuliza.

"Bado yapo. Kushuka kutoka Mhezi si unajua, naachia tu gari linatiririka. Mshale hausogei. Tena nikisimama mteremkoni, mafuta yote yanakimbilia mbele, mshale unapanda."

"Na kupanda?"

"Kupanda usiniulize. Pale gari linakunywa kama lina harusi."

Mhudumu alicheka. Agape hakucheka. Alikuwa ametulia kabisa, macho yake kwenye safu ya milima iliyosimama nyuma ya mji, na kama ungemwona ungedhani anaomba. Alikuwa amegundua kwamba nusu ya wilaya ile inaishi juu na nusu inaishi chini, na kwamba mtu akichagua vizuri mahali pa kuanzia safari, anaweza kuthibitisha jambo lolote.

Siku ileile alikwenda kwa fundi redio mmoja nyuma ya soko, mzee aitwaye Fredrick, akamuuliza kama ana spika mbovu. Fredrick alikuwa na kapu zima la vispika vya redio, na juu yake spika mbili kubwa zilizokuwa za kwaya fulani kabla ya kunyeshewa na mvua kwenye mkutano wa injili. Agape alinunua vyote. Alitoa sumaku, akazipaka rangi ya bluu, akazizungushia utepe mweusi, akabandika kwenye kila moja karatasi inayong'aa iliyoandikwa KIBANA MAFUTA. Zile mbili za kwaya zilikuwa kubwa kama visahani vya chai, na zilipendeza. Hizo akaziweka kando kwa ajili ya mteja wa heshima.

Mteja wa heshima alikuwa Eliwaza Mgonja, mwenye ile Noah. Pale Mhezi walimwita Mama Jenifer. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitano, ana shamba la tangawizi, ana duka, na alikuwa mwangalifu wa mali kiasi kwamba alizima redio yake mwenyewe akisikia ya jirani inatosha. Kitu kimoja tu kilimnyima raha duniani, nacho ni bei ya petroli. Noah yake ilikuwa inakula lita kumi na tano kwenda Same na kurudi. Alikwisha kuipeleka kwa mafundi watatu. Alikwisha kubadilisha plagi. Alikwisha kumwombesha mchungaji, ambaye alisema hajawahi kuombea gari lakini atajaribu.

Agape alipanda Mhezi kama abiria wa Noah ileile, maana Corolla lisingeweza. Alivaa koti jeupe la maabara.

"Shikamoo mama," alisema, akiwa ameinama kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

"Marahaba. Wewe ni daktari?"

"Ni injinia wa mafuta, mama. Ila kazi zinafanana. Naona gari lako linaumwa kiu."

Eliwaza alimkaribisha kiti palepale barazani.

Agape alieleza. Alisema petroli inapotoka kwenye tangi inakuwa imelala, na injini inaunguza mafuta yaliyolala bila kupata nguvu yake, sawasawa na kumpa jembe mtu ambaye hajaamka. Sumaku hii inayaamsha mafuta yakiwa njiani. Moja inafanya kazi gari likipanda, nyingine likishuka.

"Zinajuaje gari linapanda au linashuka?" Eliwaza aliuliza.

"Mama, hilo ndilo swali nililoulizwa siku ya mtihani wa mwisho," Agape alisema, akaacha hapo.

Eliwaza alizigeuzageuza zile sumaku. Zilikuwa nzito, na uzito una namna yake ya kushawishi. "Na mafuta yakitoka kwenye tangi bila kupita kwenye injini, zitajua?"

Agape hakuwa amefikiria jambo hilo hata kidogo, kwa hiyo alijibu haraka. "Zitajua. Zinaweka kumbukumbu. Mtu akinyonya mafuta hata kikombe kimoja, mimi nikija kuzipima naona siku, saa, na mkono uliotumika."

Samweli alikuwa anafuta kioo cha Noah. Kitambaa kilisimama.

Ukweli ni kwamba kwa miaka miwili Samweli alikuwa ananyonya lita sita kila safari, kwa mpira, mahali penye kichaka, na kuwauzia vijana wa bodaboda wa huko juu. Hakujiona mwizi. Alijiona kama mtu anayepata posho ambayo bosi wake hajakumbuka kuipanga. Lakini neno la mkono uliotumika lilimwingia mwilini, akauangalia mkono wake wa kulia kama umemsaliti tayari.

Siku hiyohiyo wakafanya majaribio. Agape alizifunga sumaku kwenye mpira wa mafuta chini ya boneti, akapendekeza waanzie Mhezi na kuishia Same, kwa sababu, alisema, ndivyo kanuni za kimataifa zinavyotaka. Eliwaza alikaa mbele, macho kwenye mshale. Kona ya kwanza, ya pili, ya kumi, mshale haukusogea. Kwenye mteremko mkali Agape aliomba gari lisimame ili sumaku zipumue. Pua ya Noah ikaangalia bondeni, na mbele ya macho ya Eliwaza mshale ukajivuta kutoka nusu ukapanda kuelekea robo tatu.

Eliwaza alisogeza uso karibu na mshale. Kisha alisema, "Yameongezeka."

Hata Agape alishtuka jinsi mama alivyoridhika upesi. Alikuwa amepanga kudai kwamba mafuta hayapungui. Hakuwa na ujasiri wa kudai kwamba yanazaliwa. "Kidogo," alisema kwa unyenyekevu. "Tusitie chumvi."

Eliwaza alimlipa laki nne. Agape alishukia Same, akachukua Corolla lake, akaondoka na kapu lake.

Kwa wiki tatu aliuza vile vispika vidogo kando ya barabara kuu, Hedaru, Makanya, mpaka Mwanga, na kila mahali alihama kabla mteja hajajaza tangi mara ya pili. Alipata pesa, lakini pia alipata maadui. Mwanga kulikuwa na dereva wa Fuso aliyemtafuta akiwa na spana ya magurudumu mkononi, na hakuwa anakwenda kufungua gurudumu.

Huku nyuma, Mhezi, likatokea jambo ambalo halimo katika vitabu vya uinjinia. Noah iliacha kula mafuta.

Wiki ya kwanza Eliwaza alidhani amekosea. Wiki ya pili alipanda mwenyewe gari, akashuka nalo, akarudi nalo. Lita tisa. Siyo kumi na tano, tisa. Alipiga goti jikoni. Alianza kuwaambia watu dukani kwamba Mungu hupitia hata kwenye sumaku, na Jumamosi moja alimwambia Samweli kwamba kesho yake atasimama kanisani kutoa ushuhuda, na kwamba angependa Samweli asimame naye kama dereva wa muujiza.

Samweli aliweza kuvumilia kuiba. Kuwa muujiza kulimshinda. Alikaa kwenye gunia la tangawizi, akaficha uso kwa mikono.

"Mama," alisema, "sumaku hazifanyi kitu. Ni mimi nimeacha."

"Umeacha nini?"

Akamweleza vyote, mpira, kichaka, bodaboda, lita sita. Alieleza mpaka mambo ambayo hakuulizwa.

Eliwaza alisimama mlangoni akiangalia Noah yake. Hasira ya kwanza ilikuwa ya Samweli, na hiyo aliijua, ni hasira ya kawaida, ina mwisho. Hasira ya pili ndiyo iliyomchoma. Alikumbuka alivyokaa mbele akikodolea macho mshale kama mtoto mbele ya mzinga wa asali, na alivyosema kwa mdomo wake kwamba yameongezeka. Alikumbuka kwamba nusu ya Mhezi inajua. Alijisikia mjinga, na hakuwa amezoea, kwa hiyo hakujua aiweke wapi hisia hiyo.

Baadaye alijua aiweke wapi.

"Kazi yako unaitaka?" alimuuliza Samweli.

"Naitaka mama."

"Basi haya uliyoniambia hujaniambia. Sumaku zinafanya kazi. Gari lilikuwa linakula kumi na tano, sasa linakula tisa, na wewe hujui kwa nini. Huo wote ni ukweli, isipokuwa la kwanza na la mwisho."

Agape alikuwa bado hajabadilisha namba, kwa bahati mbaya yake. Alipoona simu ya Mama Jenifer alifikiria kuizima, lakini sauti ya upande wa pili ilikuwa tamu.

"Injinia, baba, nakuombea kila siku. Uje uone mwenyewe uliyonifanyia."

Alikwenda akiwa na wasiwasi. Aliacha Corolla pale sheli ya Same, akapanda mlima huku akihesabu njia za kutorokea. Lakini Eliwaza alimpokea kwa chai na ndizi za kukaanga, akamwambia lita tisa. Agape alitabasamu kwa huruma, kama anavyotabasamu mtu anapoona dawa ya unga wa muhogo imemponya mgonjwa.

"Huamini?" Eliwaza aliuliza. "Injinia mwenyewe huamini?"

"Naamini mama. Ila vipimo vinaweza kukosea."

"Basi tupime."

Walishuka hadi sheli ya Same, wakajaza Noah mpaka petroli ikaonekana shingoni mwa tangi. Wakapanda mpaka Mhezi na abiria wanane, wakashuka. Agape alikaa nyuma ya dereva njia nzima na hakumruhusu Samweli kwenda hata haja ndogo peke yake. Walirudi sheli ileile, pampu ileile, wakajaza tena mpaka shingoni. Mashine iliandika lita nane na nukta tisa.

"Mwanzo ilikuwa ngapi?" Agape alimuuliza Samweli pembeni, kwa sauti ya chini.

"Kumi na tano, kaka. Muulize hata mhudumu. Miaka miwili alikuwa anatujazia yeye."

Alimuuliza mhudumu. Mhudumu alisema kumi na tano, na alisema kweli.

Agape aliinua boneti. Sumaku zake mbili zilikuwa palepale, bluu, zimefungwa na utepe alioufunga kwa mikono yake. Aliziangalia kama mtu anayemwangalia mwanawe aliyerudi kutoka shule akiwa anazungumza Kichina. Zile nyingine zote alizouza zilikuwa takataka, hilo alilijua, na dereva wa Fuso alilijua pia. Hizi mbili zilikuwa na tofauti gani? Ukubwa. Na kwaya. Kwa miaka, labda kumi, sumaku hizi zilikuwa zinapitiwa na sauti nne kila Jumapili. Nani anajua chuma kinafanywa nini na jambo kama hilo? Maprofesa wenyewe hawajawahi kulichunguza.

Alimfikiria tajiri mmoja wa mabasi kule Moshi. Mabasi arobaini.

"Mama Jenifer," alisema, "hizi zinahitaji matengenezo. Nizichukue, nikuletee mpya."

"Hapana baba. Hizi nimezizoea."

"Nakurudishia laki nne zako."

Eliwaza alicheka kidogo, kicheko cha mama anayekataa posa ya kwanza.

Agape alisema laki nane. Eliwaza aliagiza soda. Agape alisema milioni moja. Eliwaza alieleza kwa urefu jinsi sumaku zilivyomrudishia usingizi. Samweli, aliyeahidiwa kazi yake, aliongeza kwamba hata sauti ya injini imekuwa kama inaimba, na neno hilo la kuimba lilimmaliza Agape kabisa. Alitoa milioni moja na laki sita, mapato yote ya wiki tatu, pamoja na simu yake ya pili.

"Unaniumiza," Eliwaza alisema akizipokea.

"Naelewa mama. Nisamehe," Agape alisema, na alimaanisha.

Alizifunga sumaku kwenye Corolla lake palepale sheli. Kisha alipiga hesabu. Noah yenye watu wanane imeokoa lita sita. Corolla lina mtu mmoja, kwa hiyo kazi ni nyepesi mara nane, kwa hiyo litaokoa lita arobaini na nane. Safari ya Moshi huchukua lita kumi na mbili. Alirudia hesabu mara mbili, na mara zote ilionyesha kwamba atafika Moshi akiwa na lita thelathini na sita za ziada, na tatizo pekee lililobaki ni kwamba tangi lake lilikuwa dogo. Alikuwa amebakiwa na elfu kumi. Akanunua lita tatu, za kuanzishia tu.

Gari lilizimika kabla ya kufika Mgagao.

Hapo ni tambarare, miiba na jua, milima imekaa upande wa kulia kama watu wanaokutazama bila kuuliza. Agape alishuka. Alifungua boneti, akazisogeza sumaku kushoto, akajaribu. Akazisogeza kulia, akajaribu. Akageuza ya kupandia ikawa ya kushukia. Mwishowe alimpigia Eliwaza simu.

"Mama, zimegoma."

"Hazijagoma, mwanangu. Ni sumaku za spika, mzee Fredrick alizitambua," Eliwaza alisema kwa utulivu. "Samweli alikuwa ananinyonyea mafuta. Ulimtisha kwa ule uongo wako wa mkono, akaacha. Nakushukuru kwa hilo, ni kazi iliyowashinda mafundi watatu na mchungaji. Safari njema." Kisha simu ikakatika.

Agape alikaa kwenye nyasi kavu. Alikuwa na hasira, halafu aibu, halafu kitu cha tatu ambacho kilimshangaza zaidi, nacho kilikuwa huzuni. Kwa saa mbili nzima maishani mwake alikuwa mtu aliyewahi kutengeneza kitu kinachofanya kazi.

Baada ya muda ilikuja pikipiki, na juu yake Mmasai wa makamo aitwaye Saruni, aliyekuwa anapeleka dumu la petroli nyumbani. Alisimama, akazima, akaliangalia gari.

"Rafiki, limekuishia?"

"Limeniishia. Nina shilingi mia tano."

Saruni alilizunguka Corolla kwa makini, akafika kwenye buti lililokuwa wazi, akagonga tairi la akiba kwa kidole. "Hili linatoa viatu jozi saba," alisema. "Nakupa lita mbili."

Agape hakubishana. Tairi lilifungwa kwenye pikipiki, petroli ikamiminwa. Saruni alisubiri kwa adabu aone kama gari litawaka. Lakini Agape hakuingia ndani. Alirudi mbele, akaokota sumaku mbili alizokuwa amezitupa kwenye miiba, akazipangusa kwa shati, akaanza kuzifunga tena kwenye mpira wa mafuta, taratibu, akikaza utepe kwa meno.

"Hizo ni nini?" Saruni aliuliza.

"Sumaku za spika."

"Zinafanya nini?"

"Hazifanyi kitu."

Saruni alimtazama akimaliza kufunga. "Kama hazifanyi kitu, mbona unazifunga?"

Agape alipangusa mikono kwa shati. Alishusha boneti. Gari likawaka. Alipunga mkono, akaondoka polepole, vioo juu, feni imezimwa, gia ya nne, akijitahidi hata kupumua kidogo.

Kwa lita mbili, Corolla lile siku zote lilikuwa linakwenda kilomita kumi na nane. Siku hiyo lilikwenda kilomita kumi na nane.